Jamhuri: uwanjani au nyumbani?
Kila Desemba 12, Sikukuu ya Jamhuri ya Kenya, kwetu mzozo ulikuwa ule ule: twende uwanja wa Nyayo, Nairobi, au tubaki nyumbani? Uwanjani kuingia ni bure, lakini tuliamshwa saa kumi alfajiri, tukapanga foleni, na soda moja tukagawana watu watatu. Hata hivyo, ndege za jeshi zikipita juu kifua kinatetemeka. Televisheni haikupi hilo.

Nyumbani gharama ni mbuzi, na bei ya mbuzi Desemba haina huruma. Ila baba alichoma mbavu uani, moshi ukitutoa machozi, huku shosho, bibi yetu, akisimulia usiku wa 1963 bendera ilipopandishwa. Mvua ikinyesha, nyumbani kunashinda kabisa.

Una mtoto wa miaka kumi? Mpeleke uwanjani. Shosho bado yupo? Kaa naye.