Uzoefu wangu wa sakura Hirosaki: nendeni petali zikianza kudondoka

Ukitaja sakura, yaani maua ya mcheri wa Japani, wengi wanawaza Ueno, Tokyo. Ueno ni pazuri, sina ubishi, na ni bustani yenye historia yake, maana ni ya umma tangu 1873. Ila mwisho wa Machi watu pale wanabanana mno. Kama safari yako inaruhusu sehemu moja tu, panda treni ya mwendo kasi, Shinkansen, uelekee kaskazini hadi Shin-Aomori, mwendo wa saa tatu na ushee, kisha uunganishe treni ya kawaida hadi Hirosaki, mji wa mkoa wa Aomori. Huko sakura huchanua karibu mwezi mzima baada ya Tokyo.

Bustani ya Hirosaki yenyewe ni ngome ya ukoo wa Tsugaru, iliyokamilika 1611 na kufunguliwa kwa umma 1895. Ina miti ya sakura ipatayo 2,600. Lakini wingi si hoja; kilichonishika ni namna ilivyotunzwa. Sogelea tawi lolote lililoinama usawa wa uso wako: maua yamesongamana hata kijiti hukioni. Wajapani wana msemo wa zamani kwamba anayekata sakura ni mjinga, kwa sababu mti huo ukijeruhiwa huoza upesi. Aomori, hata hivyo, ndio mkoa unaoongoza Japani kwa matufaha, na watunzaji wa bustani wakaazima ujuzi wa wakulima wale: wanapogoa kungali na baridi, wanapaka dawa kwenye jeraha, kisha wanatia mbolea. Kwingine chipukizi moja hutoa maua 3 au 4. Hapa ni 4 au 5, mengine zaidi.

Sakura za aina ya Somei Yoshino husemwa huishi miaka 60 hivi. Hapa upo mti uliopandwa 1882 na bado unachanua. Nilikaa mbele yake muda mrefu: shina jeusi lililokunjamana, makovu ya mikato ya zamani yameziba, na juu maua meupe yenye wekundu wa mbali. Kwangu mimi, mafundi wale wanastahili sifa kabla hata ya ngome.

Mnara wa ngome ni wa ghorofa tatu, uliojengwa upya 1811. Mwaka 2015 waliunyanyua mzima wakausogeza mita 70 hivi ili wakarabati ukuta wa mawe uliokuwa umevimba. Ukiwa Honmaru, ua wa ndani kabisa wa ngome, unaweza kuuona mnara pamoja na Mlima Iwaki, ambao Aprili bado una theluji. Sehemu hiyo ina kiingilio kidogo, lipa, inafaa.

Sasa wakati wa kwenda. Maua yakiwa yamechanua yote ni mazuri mno, lakini siku bora kwangu ni zile za baadaye kidogo, petali zinapoanguka kwenye mahandaki ya maji. Wenyewe huiita hali hiyo hanaikada, yaani chelezo cha maua. Handaki la nje linageuka zulia la waridi kutoka ukingo hadi ukingo. Bata akipita anaacha mstari wa maji meusi, nao unajifunga polepole nyuma yake. Nenda asubuhi na mapema kabla upepo haujazisukuma petali pembeni, kisha rudi usiku taa zikiwashwa.

Malazi ndiyo kilio. Hoteli za Hirosaki hujaa miezi kabla na bei hupanda, kwa hiyo lala Aomori mjini, treni haifiki saa nzima. Beba koti zito, jioni baridi inauma. Pai za matufaha zipo kila kona na ni tamu kweli. Waislamu wenzangu, ulizeni kwanza kuhusu mishikaki yenye mchuzi, maana mingi hutiwa mirin, ambayo ina kileo.

Tamasha la sakura la Hirosaki kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, lakini miaka ya karibuni joto limeyaharakisha maua, na wengi waliosubiri sikukuu za Mei wamekuta matawi yana majani. Fuatilia utabiri wa kuchanua kuanzia Machi, na kama unaweza, kata tiketi inayobadilishika tarehe.