Diski gani ununue ikiwa kompyuta yako ina Windows na Linux

Video za harusi moja hapa Mombasa, kuanzia nikaha hadi kupamba, zinaweza kufika GB 60. Ukiwa na Windows na Linux kwenye kompyuta moja, mifumo hiyo haiwaki kwa pamoja, kwa hivyo mzigo huo lazima ukae mahali ambapo yote miwili inaufikia. Basi nunua ukilenga hilo.

Nafasi ya kwanza naipa SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya pili ya ndani, wala sisiti. Hakuna kunakili tena: unahifadhi faili ukiwa Windows, unawasha Linux, unalikuta pale pale. Laptopu nyingi za ex-UK zenye sehemu ya DVD zinakubali SSD ya inchi 2.5: fundi anatoa DVD na kuweka fremu ya kushikia diski. Pima unene kwanza, kwa sababu kuna fremu za milimita 9.5 na za 12.7, na ile nene haiingii kwenye nafasi nyembamba.

Diski hiyo ifomati kwa NTFS, mfumo wa kupanga faili wa Windows. NTFS huweka kumbukumbu ya mabadiliko, kwa hivyo stima ikipotea ghafla, mpangilio wa faili una nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko kwenye exFAT, mfumo mwingine wa kupanga faili. Linux inaiandikia vizuri, kerneli (kiini cha Linux) 5.15 ya mwaka 2021 ilikuja na uwezo huo ndani yake. Lakini zima Fast Startup, mpangilio wa kuwaka haraka, upande wa Windows, tafadhali. Ikiachwa, Windows ukiizima inalala nusu tu, na Linux huenda ikakubali kusoma diski na kukataa kuandika. Mtu akiona hivyo huirudisha diski dukani akidhani ni mbovu, kumbe ni nzima.

Ikiwa pesa haitoshi na diski uliyo nayo ina nafasi, mega sehemu yake uifanye ya pamoja. Hiyo haikugharimu chochote.

Ya pili ni SSD ya nje ya USB 3. Ikienda MB 400 kwa sekunde, GB 60 zinaisha kwa dakika mbili na nusu. Hii iweke exFAT, ambayo Linux inaifahamu yenyewe tangu kerneli 5.4 ya mwaka 2019, na usiichomoe kabla mfumo haujakuruhusu.

Diski ya nje ya kuzunguka (hard disk ya kawaida) ni ya tatu. Kwa MB 100 kwa sekunde utangoja dakika kumi, na kwa kuweka kazi za zamani bei yake haina mpinzani. Ila kwa anayevuka feri ya Likoni kila siku nayo kwenye begi, siipendekezi, haivumilii kuanguka.

Flashi ni ya mwisho. Nyingi huja na FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, ambao unakataa faili moja la GB 4 au zaidi hata flashi ikiwa tupu. Ya USB 2.0 hutambaa kwenye MB 30 kwa sekunde, tena kuandika huwa polepole zaidi. Na zile zilizoandikwa TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana ni bandia. Kabla ya kulipa, kubalianeni siku za kurudisha, na risiti uichukue. Ukifika nyumbani ijaze yote kwa f3 kwenye Linux, au H2testw kwenye Windows: programu hizo huandika hadi nafasi iishe, kisha husoma tena kila kilichoandikwa, na flashi ya uongo hushindwa hapo.