Across Lite: kizee cha chemshabongo kwenye kompyuta, na namna ya kukilisha Kiswahili

Oya wapenzi wa chemshabongo, mambo vipi, karibuni tena. Leo hapa kwenye skrini ninayo Across Lite, programu ya bure ya kujazia mafumbo ya maneno, ya Kimarekani, ipo tangu miaka ya 1990 na ukiifungua tu umri unauona, haina mbwembwe yoyote. Mimi hiyo wala hainisumbui. Nikipata gridi upande mmoja na maswali ya Kulia na Chini upande mwingine nianze kuchapa, nimeridhika.

Haya tuone. Faili zake zinaishia na puz, unabofya mara mbili linafunguka, baada ya hapo hata intaneti huitaji, bando lako salama. Nachapa neno hivi, kasa, kile kialama cha mahali unapoandika, inajisogeza yenyewe, nikitaka kugeuka kwenda chini nagonga mshale wa chini, basi, mausi nishaisahau. Kuna na penseli humu, herufi unayoibahatisha inakaa imefifia ili ujue hapa bado nakisia. Ila ninachokipenda kabisa ni ukaguzi wake, angalia, naiambia ikague, herufi niliyokosea imepigwa mstari wa mshazari, nikiisahihisha kwenye kona ya kisanduku kanabaki kapembetatu keusi, na ningeomba ijibu yenyewe kangebaki kekundu. Yaani ukimtumia mshkaji skrinshoti ukajifanya kichwa, vipembetatu vinakuchoma hapohapo 😂

Mafumbo mengine mtunzi ameyafunga kwa namba ya siri ya tarakimu nne, hayo hukagui kitu mpaka upewe namba.

Sasa mafaili utayapata wapi. Zamani The New York Times walikuwa wanatoa fumbo lao la kila siku kwa mfumo huu, Agosti 2021 wakaachana nao, watu walilalamika sana. Lakini watunzi binafsi kibao bado wanayaweka bure. Shida yake mtu wa huku utakutana na maswali ya beseboli na majina ya biskuti, OREO ya biskuti, ERA ya beseboli, ONO wa Yoko Ono, hayo maneno yanapendwa kwa sababu yamejaa irabu, ukishayazoea unaanza kuyaona hata kabla ya kusoma swali. Mara mojamoja unakutana na SAFARI au IDI wa Amin, unajaza kwa fujo kidogo.

Kilichonifanya nirekodi hii video lakini ni kitu kingine, watu wengi hawakijui. Across Lite inafungua pia faili la maandishi ya kawaida, la Notepad kabisa! Juu unaweka ACROSS PUZZLE, chini yake TITLE, AUTHOR, COPYRIGHT, SIZE, GRID, ACROSS, DOWN, kila kimoja ndani ya zile alama za ndogo-kuliko na kubwa-kuliko. Kwenye SIZE unaandika 15x15 au saizi unayotaka, kwenye GRID unapanga majibu mstari kwa mstari na kisanduku cheusi ni nukta, halafu maswali unayashusha kwa mpangilio bila kuweka namba, namba inahesabu yenyewe. Maswali yakipungua au kuzidi, faili halifunguki. Kiswahili hakina herufi za ajabu kwa hiyo kila kitu kinasomeka, ile alama ya king'ong'o ya NG'OMBE tu kwenye gridi tunaiacha, unaandika NGOMBE. Mfano hapa nimeweka "Kisiwa chenye Chake Chake", PEMBA, na E yake nimeipitisha kwenye NYERERE, swali lake "Alimtangulia Mwinyi Ikulu".

Ila ukianza kutunga usiige gridi ya Marekani, nakuonya mapema. Wao kila herufi lazima iwe ndani ya maneno mawili, la kulia na la chini. Sasa maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo ukishusha ukuta wa mwisho kule kulia unapata safu nzima ya irabu tupu, na neno la irabu tupu tunalo lipi? AUA. OA na UA zipo lakini kwao neno la herufi mbili haliruhusiwi. Utakaa hapo mpaka giza. Chukua gridi ya Kiingereza, ya Uingereza namaanisha, ile yenye vyeusi vingi ambapo maneno yanakatana herufi moja ndiyo moja hapana, pale ukutani ALAMA au UKUTA zinakaa zenyewe, irabu, konsonanti, irabu, kama zimeshonewa. Programu yenyewe haina ubaguzi, gridi yoyote inapokea.

Kwenye laptopu ndogo mtakosa kitufe cha Insert, kile cha kuingiza herufi zaidi ya moja kwenye kisanduku kimoja, jaribuni Fn, kwa mafumbo yetu ya kawaida wala hutakihitaji.

Faili la mfano la 9 kwa 9 nimeliacha hapo chini kwenye maelezo, lichukueni, futeni maswali yangu muweke yenu. Na lile la Chini namba 4 tafadhalini msilijibu kwenye komenti, wengine hawajalifungua.