Kipimo cha sekunde tano: uzoefu wangu hapa Tanga

Kwa mwenye haraka: mbinu yenyewe, ya kupima muundo wa tovuti kwa kuwaonyesha watu kwa sekunde tano tu, naipa nyota nne. Huduma ya mtandaoni niliyoilipia ili wanifanyie, mbili, na hapo nimeihurumia.

Kazi ilikuwa ukurasa wa mbele wa tovuti ya nyumba ya wageni Raskazone. Miundo miwili mezani. Wa kwanza una kitanda kilichotandikwa shuka jeupe, nembo ya kijani pembeni. Wa pili una bahari ilivyo ukiwa barazani, na bei ya chumba chini yake. Mwenye nyumba aliung'ang'ania wa kwanza; magodoro ndiyo kwanza kayanunua, lazima watu wayaone.

Unachofanya ni kumwonyesha mtu picha ya ukurasa kwa sekunde 5, unaificha, kisha unamuuliza ameona nini na hiyo ni biashara gani. Muda ni mchache, ila jicho halihitaji hata huo. Gitte Lindgaard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walichapisha utafiti mwaka 2006: walioonyeshwa kurasa za tovuti kwa milisekunde 50 tu (sehemu moja ya ishirini ya sekunde) walizipima uzuri karibu sawa na waliopewa milisekunde 500.

Kule mtandaoni unapakia picha, unaandika maswali, unalipia wajibuji, majibu yanakuja upesi. Tatizo ni waliojibu: watu wa nchi za mbali, kwenye kompyuta, kwa Kiingereza. "Hoteli, safi, tulivu." Ahsanteni, lakini hao hawatashuka stendi ya Kange maisha yao yote.

Basi nikaenda Kange mwenyewe na simu yangu. Mama mmoja alikuwa anasubiri basi la Lushoto. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, nikamwonyesha muundo wa kitanda, nikageuza simu.

"Nimeona kitanda. Si zahanati hiyo, mwanangu? Wamepasafisha kweli."

Kondakta aliyesimama jirani naye akaonyeshwa: hospitali ya binafsi. Shuka jeupe na kijani, utasema nini? Muundo wa bahari hakuna aliyeupeleka hospitali, na wengi waliikumbuka bei vilevile ilivyoandikwa.

Sasa, kwa watu wa huku usithubutu kuuliza "umeipenda?" Utaambiwa nzuri sana, hongera, Mungu akuzidishie, na utarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi niliongeza kadi za maneno. Mbinu hiyo ni ya Joey Benedek na Trish Miner wa Microsoft, mwaka 2002; wao walikuwa na kadi 118, za kusifu na za kukosoa, na mtu anachagua zinazolingana na alichokiona. Zangu chache tu, nimekata manila: pamechangamka, panaaminika, pamepooza, ghali, pa kizamani. Mtu asiyeweza kukutamkia usoni kwamba kazi yako imepooza, kadi ataiokota bila wasiwasi. Iliyonishtua ni "ghali": iliokotwa zaidi kwa muundo wa kitanda, ambao hauna bei hata moja. Asiyeona bei anajitajia yake mwenyewe, na anaitaja kubwa.

Kasoro zipo. Mtu mmoja muundo mmoja, kwa sababu akishaona wa kwanza, wa pili anautazama akijua unachotafuta. Halafu kipimo hiki hakikuambii kama mgeni ataweza kuweka nafasi. Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura waliliona hilo Japani mwaka 1995 kwenye skrini za mashine za kutolea fedha: iliyopendeza watu waliiona nyepesi kutumia, hata pale wepesi wenyewe haukuwa mkubwa kiasi hicho. Kwa hilo mpe mtu simu, mwambie aweke chumba cha kesho, kisha unyamaze umwangalie.

Mwenye nyumba kakubali bahari. Magodoro yamehamia ukurasa wa vyumba, kwa picha kubwa, ndiyo masharti aliyonipa. Ukienda Kange nenda asubuhi. Jua la mchana linafuta skrini yote, na abiria mwenye mizigo kichwani mwache apite.