Kula Langoni, Lamu: kila chakula na saa yake

Langoni ni upande wa kusini wa mji wa kale wa Lamu. Ukishuka gatini, shika mkono wa kushoto, uipite Ngome na uwanja wake wa Mkunguni. Kutoka hapo nyumba kubwa za mawe za Mkomani unaziacha nyuma, na maduka, mafundi na wapishi wanaanza kubanana. Wageni wengi hawafiki huku kutafuta chakula. Wanaishia kwenye hoteli za ufukweni, ambako menyu ni ndefu na samaki huanza kuandaliwa pale tu mtu anapoagiza. Kwa juisi ya embe na upepo wa bahari, hoteli hizo zinafaa kabisa. Chakula cha kufuata, lakini, kiko vichochoroni, kwa watu wanaopika kitu kimoja tu kila siku, na kila mmoja wao ana saa yake. Ukiikosa saa, umekikosa chakula.

Mlo bora wa mtaa huu ni ule wa asubuhi: mahamri kwa mbaazi za nazi. Fika kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Baada ya hapo yanayobaki ni mahamri yaliyopoa, na hamri lililopoa hukakamaa kwa haraka.

Hamri zuri unalijua kabla ya kulitia mdomoni. Limetuna pande zote mbili, ndani ni tupu kama mfuko, na ukilipasua harufu ya iliki inatangulia ile ya mafuta. Kipimo cha kawaida ni kilo moja ya unga wa ngano, karibu nusu lita ya tui zito, gramu 150 hadi 200 za sukari, kijiko kimoja cha chai cha iliki iliyotwangwa, na vijiko viwili vya chai vya hamira. Donge hukandwa mpaka liache kushika mikono, kisha huachwa liumuke hadi liwe maradufu. Kwa joto la Lamu, saa moja na nusu kwa kawaida hutosha. Wanaokanda usiku ili wapike alfajiri hupunguza hamira, la sivyo asubuhi donge linanuka uchachu. Likisukumwa jembamba mno, hamri halituni, linakuwa gumu. Unene wa nusu sentimita ndio sawa. Mafuta nayo yana hukumu yake: yakiwa na moto mdogo, hamri linayanywa na kukuachia vidole vinavyong'aa, yakizidi moto, nje linaungua na katikati linabaki bichi. Mtazame mpishi. Anayejua kazi humwagia mafuta ya moto juu ya hamri mara tu linapoelea, na hapo ndipo linapotuna. Asiyefanya hivyo, mahamri yake yana upande mmoja bapa.

Mbaazi ni kazi ya subira. Hulowekwa usiku kucha, huchemshwa mpaka zibonyeke kwa vidole viwili, halafu hutiwa kitunguu, pilipili mbichi na tui la pili. Tui zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka. Likichemka kwa nguvu hukatika: utaona mafuta yameelea juu na chini kuna maji yenye chembechembe. Mbaazi za namna hiyo hazitengenezeki tena, tafuta kwingine. Zikiwa na maganda magumu ingawa zimepikwa muda mrefu, mara nyingi ni mbaazi za kale zilizokaa ghalani. Mchuzi unaotakiwa ni mzito kiasi cha kushika juu ya kipande cha hamri bila kutiririka. Agiza na chai ya maziwa ya tangawizi, na useme mapema kama hutaki sukari, kwa sababu huku sukari hutiwa birikani.

Mchana ni zamu ya wali wa nazi na samaki. Usiulize kwanza kuna nini, uliza kumeingia samaki gani leo. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, bahari hutulia na majahazi yanakwenda mbali, kwa hiyo kuna nguru, kolekole na changu wa kuchagua. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma, hasa Juni na Julai, wavuvi wengi hukaa karibu, samaki hupungua na bei hupanda. Anayekupa nguru kwa bei rahisi katikati ya kusi huenda amemtoa kwenye barafu ya siku nyingi. Hilo si kosa, ila samaki wa barafu ya muda mrefu nyama yake hulegea na kutoa maji jikoni, naye anafaa mchuzi zaidi kuliko kupakwa. Samaki wa kupaka anataka ubichi: hupasuliwa mgongoni, huchomwa juu ya makaa upande wa ngozi kwanza, ndipo hupakwa tui lililopikwa na ukwaju, pilipili na kitunguu saumu, tabaka baada ya tabaka. Kosa la kawaida ni kupaka mapema. Tui linaungua kabla nyama haijaiva, na unaletewa samaki mweusi mwenye uchungu. Ukitaka samaki huyu, agiza asubuhi, urudi saa saba.

Ijumaa ni siku ya biriani na pilau. Nenda mara tu baada ya sala. Saa tisa sufuria nyingi zimebaki na ukoko.

Alasiri mtaa hupoa. Ni wakati wa kahawa chungu kutoka kwenye dele, yaani birika la kahawa, kwa vikombe vidogo visivyo na mkono, pamoja na kashata. Kaa barazani, usiharakishe.

Jua likizama, karai na makaa hutoka nje. Viazi karai, yaani viazi vilivyochovywa unga na kukaangwa, ndivyo vya kuanzia. Kiazi kichemshwe kiive bila kupasuka. Kikichemshwa kupita kiasi hunywa maji, na unga wa juu hubanduka kikifika kwenye mafuta. Lakini roho ya viazi hivi ni rojo la ukwaju. Lionje kwanza. Liwe chachu, kali na zito kidogo. Lililotiwa maji mengi ili liongezeke halishiki kwenye kiazi, na hapo unakula kiazi kikavu. Mishkaki ni suala la papai bichi. Kidogo tu, kwa saa mbili au tatu, hulainisha nyama. Ikilala nalo usiku kucha, nyama husagika mdomoni kama iliyotafunwa tayari. Nenda kwa mchomaji ambaye makaa yake yamevaa majivu meupe. Miali ikiruka, utakula moshi.

Anayebahatika kukuta mkate wa mofa asiupite. Ni mkate wa unga wa mtama, mara nyingine umechanganywa na ngano, unaobandikwa ndani ya tanuri ya udongo iliyowashwa mpaka kuta zake ziive moto. Unatakiwa kuliwa ukiwa bado una joto, kwa mchuzi wa samaki. Hauvumilii kungoja, baada ya nusu saa unakauka. Wapishi wake si wengi, kwa hiyo uliza barazani, utaelekezwa hadi mlangoni.

Mambo ya kujipanga nayo ni machache. Beba noti ndogo na sarafu, kwa sababu muuza mahamri hana chenji ya elfu moja saa kumi na mbili asubuhi. Wa vichochoroni wengi huuza kwa kufunga, hivyo bakuli lenye kifuniko litakufaa kwa mbaazi. Maji ya mfereji huwa na chumvichumvi. Nunua ya chupa, na kwenye juisi uliza barafu imetengenezwa kwa maji gani. Pombe hutaipata katika vibanda hivi, usiiulize. Katika Ramadhani hakuna kula hadharani mchana, lakini baada ya magharibi Langoni inajaa kaimati, sambusa, vitumbua na uji, na hakuna mwezi wenye chakula kingi zaidi mtaani. Wakati wa Maulidi ya Mfunguo Sita, watu hufurika kuelekea msikiti wa Riyadha, na mahamri huweza kwisha kabla ya saa moja asubuhi. Siku hizo weka oda jioni iliyotangulia, na utaje idadi.