TAHADHARI: Nimeingizwa mjini nikiwa kijijini (nyumba ya geti la bluu, Chamwino)

Jamani, naandika huku mikono inatetemeka, makosa ya herufi mnisamehe. Anayetafuta nyumba ya bei nafuu vijijini Dodoma, hasa upande wa Chamwino, asome hadi chini kabla hajatoa hata shilingi. Nimelizwa laki tisa na ishirini. Mimi! Mweka hazina wa kikoba miaka 11, yule ambaye mkitumiwa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" mnanirushia ili tucheke pamoja. Haya, leo nichekeni mimi.

Kwa nini tumehama Makete mnajua, baridi ya kule na magoti ya mume wangu, Baba Tumaini, sina haja ya kuyahadithia tena. Sakitu, ile barafu ya usiku, ilipounguza viazi mwezi wa sita, na yeye hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa, nikasema basi, tunashuka kwenye joto. Dodoma mjini tuliulizia tukanyamaza. Tangu serikali ihamie, chumba na sebule ni bei ya watu wa wizarani. Tukaona bora kijijini, kando ya barabara ya Morogoro, magari hayakosekani na hospitali si mbali.

Picha za nyumba niliziona kwenye simu ya mpwa wangu, dalali kaziweka na maneno matamu. Nikafunga safari peke yangu, Njombe, Iringa nikalala, asubuhi nikashika njia ya Mtera. Gari lilipoanza kuteremka nikavua koti. Tulipofika bwawani nikavua na sweta. Nilikuwa na furaha ya kitoto, nikanunua hadi samaki wa kukaanga dirishani. Nawaambia haya ili mjue nilifika nikiwa nimeshalainika.

Dalali, kijana wa bodaboda, alinipokea stendi ya Nanenane, akachukua 10,000 yake ya kunizungusha kabla hata hajawasha pikipiki. Tukafika saa kumi na moja jioni. Nyumba nzuri jamani, siwezi kusema uongo. Vyumba vitatu, bati jekundu, geti la bluu, nyuma mbuyu mkubwa. Akatoka mwanaume mmoja na redio ndogo kwapani, ufunguo kaufunga kwa kipande cha kanga. Akaniambia, "Shikamoo mama."

Kwa umri tunalingana, na kama si hivyo basi yeye ananizidi. Shikamoo ile ningeishtukia palepale, lakini nilikuwa nimekaa kwenye gari siku mbili, mtu ananiamkia kwa adabu, nikaitika marahaba kama mama mkwe.

Watoto wakapita na bibi mmoja, yule mwanaume akawaambia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, wakamjibu vizuri. Nikajisemea huyu ni mwenyeji, anajulikana. Sasa nimeishi hapa wiki tatu ndiyo naelewa, Wagogo wanamsalimia kila mtu. Hata mimi nasalimiwa na watu wasiojua nimetoka wapi.

Na maji ndiyo yaliyonimaliza. Alinipeleka uani, akafungua bomba, maji yakashuka kwa nguvu. Hakulifunga. Akanawa mikono, akanawa uso, akajipangusa taratibu kwa kofia yake, bomba linaendelea kumwaga. "Onja mama." Nikaonja. Hayana chumvi hata kidogo. Anayeijua Dodoma anajua hapo mtu anatoa hela bila kuulizwa mara mbili. Akasema hapa ni usiku na mchana, nilichimba kisima changu mwenyewe. Kumbe bomba lile linatoka kwenye simtanki iliyojazwa asubuhi hiyo kwa madumu ya mkokoteni wa punda! Muuza maji mwenyewe ndiye aliyenieleza, na anamdai hadi leo. Hata maji ya kunitapelia mimi aliyakopa.

Tukaanza bei. Akataja 80,000 kwa mwezi. Nikasema 60,000, akacheka kwa huzuni, akapiga simu kwa "mama watoto", wakazozana mbele yangu kabisa, nasikia sauti ya mwanamke inakataa. Akakata simu, akashika kiuno. "Mama, nitagombana nyumbani kwa ajili yako. Lete 70,000, lakini ulipe mwaka mzima." Moyoni nilijisifu kwamba nimemkamua. Nilijisifu, ndugu zangu! 840,000!

Akatoa bahasha ya kaki, ndani mkataba umechapwa, muhuri umeshagongwa, sahihi ya mwenyekiti ipo, limebaki jina langu tu. Hapo mtu mwenye akili anauliza, huyo mwenyekiti alisaini mkataba wa nani kama jina halijaandikwa? Sikuuliza. Jua linazama, nawaza usafiri wa kurudi mjini, na bomba lile lilikuwa bado linanidondokea kichwani. Laki nne nilizifungua kwenye kitambaa nikamhesabia mkononi. 440,000 nikatuma kwa simu, jina likatokea la mwanamke. Nikamwonyesha. "Ndiyo huyo huyo, mama watoto." Nikabonyeza namba ya siri. Dalali 70,000 yake, mwezi mmoja kama desturi.

Kitu kingine. Masikioni na kwenye kucha alikuwa na vumbi jeupe la jipsamu. Akasema kuna chumba kimoja anamalizia dari, nikirudi na mizigo nitakikuta tayari. Nikamwona baba mwenye nyumba mchapakazi, hata dari anajiwekea mwenyewe. Nilienda kumsifia hadi Makete.

Baada ya wiki mbili tukapata canter ya viazi inayokuja Dodoma, tukapakia vitu juu ya magunia. Baba Tumaini mbele kafungwa blanketi. Tukafika saa tatu asubuhi. Geti liko wazi. Kibarazani binti anachemsha chai. Chini ya mbuyu friji, kitanda, mashine ya kuchomelea, na baba mmoja kakaa juu ya godoro lililoviringishwa, kashika kichwa. Binti ni mwalimu, amepangiwa shule ya jirani. Baba ni fundi wa kuchomelea kutoka Dar, na familia yake yote. Kila mmoja ana ufunguo wake na mkataba wake kwenye bahasha ya kaki. Dereva wa canter akazima gari, akasema, "Mama, nishushe au nisishushe?" Swali lile nalisikia hadi usingizini.

Mwalimu alikuwa amepatana 65,000. Hata kwenye kutapeliwa nimezidiwa.

Yule mtu ni fundi wa dari. Basi. Mwenye nyumba ni mama mmoja anayefanya kazi mkoa mwingine, alimwachia ufunguo amalizie kazi. Tulipompigia alilia kuliko sisi. Mungu ambariki, alituruhusu tulaze mizigo barazani siku mbili. Kisima hakuna. Hakijawahi kuwepo.

Mtendaji wa kijiji alipoushika mkataba wangu hakuchukua hata dakika. "Mama, huu muhuri umeandikwa Serikali ya Mtaa. Hapa ni kijiji, tuna vitongoji. Mitaa iko mjini." Nilitamani ardhi inimeze. Nimezaliwa kijijini, nimegongewa mihuri ya kijiji kwenye barua ngapi maishani mwangu? Na ofisi yake iko hatua chache tu kutoka kwenye lile geti. Siku ile tuliipita na bodaboda, niliiona bendera kwa macho yangu.

Polisi tumefungua jalada, RB (namba ya taarifa yetu) tunayo. Tumeambiwa ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, kifungo hadi miaka 7. Mimi nasema miaka 7 ni likizo! Huyu apewe kifungo cha kujaza simtanki. Ajaze kwa ndoo kichwani, likijaa litobolewe, aanze upya, tena mchana wa mwezi wa kumi wa Dodoma ule ambao hata mbuzi wanagombania kivuli. Na huyo "mama watoto" wa kwenye simu naye abebe ndoo ya pili, kwa sababu alikataa 60,000 kwa sauti ya uchungu kabisa, mwigizaji mkubwa. Mtu anamwona mzee wa watu anakuja kutafuta joto la mifupa anamkamua akiba ya viazi ya misimu miwili! Anamkamua mwalimu ambaye hata mshahara wa kwanza hajaupokea! Apatikane. Apatikane akiwa mzima, simtaki na jeraha, nataka anione nikiwa nimekaa mahakamani benchi la mbele.

Dalali anasema naye alidanganywa. Labda. Ile 70,000 yangu mbona hajadanganywa akairudisha?

Mnaouliza dalili, jamani zilikuwepo. Jina la kwenye simu. Muhuri uliotangulia jina. Alinikataza kuongea na majirani, eti wana husuda, wataniharibia bei, nami nikaona ananijali. Alikuwa na haraka, kila saa "kuna mtu mwingine anakuja kesho". Nendeni ofisi ya kijiji kwanza, muulize nyumba ni ya nani, wanajua kila mbuyu una mwenyewe. Na tenki ligongwe kwa kidole, mfuate bomba mwone linatoka wapi. Namba zake nimezituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, lakini huyu nina hakika ana laini nyingine mfukoni, watu wa aina hii ndivyo walivyo.

Kwa sasa tuko kwa bibi mmoja kitongoji cha pili, chumba kimoja, 25,000 kwa mwezi, na nalipa mwezi kwa mwezi mbele ya balozi. Maji ni ya chumvi, nanunua ya kunywa kwa yule yule wa punda. Usiku kuna upepo lakini si ule wa Makete. Magoti yanaendelea vizuri, jana Baba Tumaini alitembea hadi dukani peke yake akarudi na ubuyu. Kwa hiyo wanaosema turudi, hapana, haturudi.

Kama kuna mwingine aliyelipia nyumba hiyo ya geti la bluu, na nina wasiwasi mpo kwa sababu fundi wa kuchomelea anasema alipofika alikuta kufuli limebadilishwa mara mbili, msione aibu. Niandikieni pembeni. Mwalimu ndiye anayekusanya majina na risiti za miamala kwa ajili ya polisi, ana mwandiko mzuri. Ijumaa tunarudi kituoni.