Helios 44-2 kwenye jua la Kigoma: uzoefu wangu na filamu nyeusi na nyeupe

Wengi wanainunua lenzi hii kwa ajili ya ule ukungu wa nyuma unaozungukazunguka. Kwa mchana wa Kigoma, sahau. Ukiwa na filamu ya ISO 400 na kamera ya Zenit ambayo shata yake inaishia sekunde 1/500, jua letu linakulazimisha ubane tundu la lenzi mpaka f/11 au f/16. F/2, yaani tundu likiwa wazi kabisa, utaitumia ndani ya nyumba na jioni. Mimi naisifia kwa jambo lingine kabisa: inapunguza kontrasti yenyewe, yaani ule umbali kati ya weupe na weusi.

Ni lenzi ya Kisovieti, milimita 58, muundo wake umetokana na Biotar ya Zeiss, na ina tabaka jepesi tu la kuzuia mng'ao. Mwanga kidogo unadundadunda kati ya vioo kisha unamwagika juu ya filamu nzima. Kwenye weupe huuoni, ila kivulini unatosha kuiamsha filamu.

Nilipiga HP5, filamu ya Ilford ya ISO 400, pale mwaloni Kibirizi, dagaa wameanikwa juani, mama anawageuza, kitenge kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Lenzi mpya ya kuazima ilinipa dagaa weupe pe na uso mweusi tii, katikati hamna kitu. Kwa Helios, mikunjo ya pembeni mwa jicho ipo, hata pindo la kitenge upande wa kivulini. Haijakolea, lakini ipo, na kukoleza ni kazi ya wakati wa kuchapa.

Lenzi peke yake haitoshi, lakini. Mwanga napima usoni, sio kwenye dagaa wala ziwani. HP5 naihesabu kama ISO 200 ili ipate mwanga zaidi, halafu kwenye kusafisha napunguza muda: Ilford wanatoa dakika 13 kwa dawa yao ya ID-11 iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji, joto la nyuzi 20, mimi naishia kumi na nusu hivi. Kasheshe ni hizo nyuzi 20. Maji ya bomba huku hayafiki huko ng'o, kwa hiyo chupa ya dawa inakaa kwenye beseni la barafu mpaka kipimajoto kikubali. Ukisafisha na maji ya vuguvugu kwa muda ule ule wa kwenye karatasi, dagaa wataungua kwa weupe na lenzi utailaumu bure.

Filta ya manjano mchana naitoa. Anga la Tanganyika linapendeza nayo, sikatai, ila kivuli kinamulikwa na ubluu wa anga hilo hilo, na filta inaukata. Uso unarudi gizani.

Kasoro zipo. Jua la jioni ziwani likikupiga mbele, picha nzima inapauka. Kofia ya kukinga jua mbele ya lenzi ni lazima, au kinga kwa kiganja. Siku ya mawingu inakuwa balaa la aina nyingine: stesheni ya Wajerumani ilinitokea kijivu tupu, kwa hiyo msimu wa mvua naibadilisha.

Yangu ilikuja na mafuta kwenye majani ya apecha (vile vibati vinavyofungua na kubana tundu) ingawa muuzaji aliapa ni safi. Kwa lenzi hii ambayo tundu lake unalibana kwa mkono hayana madhara sana. Kagua fangasi kwenye vioo: mwambie akurekodie video akiimulika tochi kwa nyuma, kabla hujatuma hela.